SUV au Vani? Somo kwa Familia Inayotafuta Gari

Chukua mfano wa familia ya watu saba inayoishi Mnarani, kusini mwa daraja la Kilifi. Baba ni mwalimu, mama ana duka la vitambaa mjini, watoto ni wanne, na bibi mzaa baba anaishi nao tangu magoti yalipoanza kumsumbua. Wamemaliza kulipa mikopo miwili ya sacco, sasa wamechukua wa tatu, na Jumamosi hii wanakwenda Mombasa kutazama magari. Baba anataka Nissan X-Trail. Mama anataka Toyota Noah.

"Mama watoto, na ile barabara ya kwetu Ganze je, masika ikiingia?" anauliza baba.

"Na mama yako, baba watoto, atakaa wapi?" anajibu mama.

Mabishano ya namna hii yamo katika nyumba nyingi za kaunti hii, na maswali yote mawili ni ya haki. Moja linahusu barabara, jingine linahusu viti. Kosa linalogharimu familia pesa nyingi ni kujibu moja na kulisahau jingine, halafu kugundua miezi sita baadaye, wakati mkopo bado una miaka mitatu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia barabara za kaunti na pia biashara ya haki sokoni. Ununuzi wa gari unagusa yote mawili, na kwa familia nyingi ndio ununuzi mkubwa zaidi baada ya shamba na nyumba.

Majina kwanza

SUV ni gari lililoinuliwa kutoka ardhini, lenye umbo la gari la safari na milango ya kawaida inayofunguka kwa nje. X-Trail, Mazda CX-5, Subaru Forester, Toyota Harrier na Toyota Land Cruiser Prado zote huitwa hivyo, ingawa Prado ni mnyama tofauti kabisa kama itakavyoonekana. Vani ya familia ni lile gari refu la juu, lenye sakafu ya chini, safu tatu za viti na milango ya kuteleza ubavuni: Toyota Noah na ndugu yake Voxy, Nissan Serena, Honda Stepwagon, na zile ndogo kama Toyota Sienta na Honda Freed. Mitaani wengi huziita zote Noah, hata kama jina lililoandikwa nyuma ni Serena.

Watu hudhani vani ni gari pana kuliko SUV. Si hivyo. Noah ya muundo uliouzwa Japani kuanzia 2014 hadi mwanzoni mwa 2022 ina matoleo ya kawaida yenye upana wa milimita 1,695. X-Trail ya miaka hiyo hiyo ina milimita 1,820. Sababu iko Japani kwenyewe: huko gari lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2 na injini ya petroli ya 2,000cc huwekwa katika kundi la magari madogo. Watengenezaji wakabana upana na urefu, wakaongeza kimo cha ndani, wakashusha sakafu. Ndiyo maana Noah inapita kwenye vichochoro vya Malindi mjini ambamo SUV hubidi ikunje vioo vya ubavuni, na bado watu saba wanakaa.

Kiti cha saba

Hapa ndipo familia ya Mnarani inapaswa kukaa kwa muda mrefu zaidi kabla ya kulipa.

CX-5, Forester, na Harrier ya miaka inayoingizwa nchini kwa sasa ni magari ya watu watano. Hakuna namna ya kuhesabu inayobadilisha hilo. X-Trail iliuzwa kwa aina mbili, ya viti vitano na ya viti saba, na picha za nje hazitakuonyesha ipi ni ipi. Hata ile ya viti saba, safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima akikaa pale magoti humfika kidevuni, na ili afike huko ni lazima kiti cha katikati kikunjwe, apande, ajikunje, apite. Kijana wa darasa la saba atafanya hivyo akicheka. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi.

Tena safu ya tatu ya SUV ikiinuliwa, buti huisha. Kinachobaki ni nafasi ya mikoba michache iliyosimamishwa. Familia inayokwenda mazishi au harusi ikiwa na watu saba hubeba pia gunia la mahindi, sufuria, maji na nguo za siku mbili. Mizigo hiyo huishia miguuni mwa watoto au juu ya paa, na mzigo wa juu ya paa huongeza hatari ya gari refu kupinduka kwenye kona.

Vani nayo haina buti kubwa watu wote wakiwa wamekaa, hilo lisemwe wazi. Ila kimo chake huruhusu mizigo kupangwa kwenda juu nyuma ya kiti cha mwisho, na viti vyake hukunjwa kwa namna inayoacha nafasi kubwa safari inapokuwa ya watu wachache. Viti vya mwisho vya Noah na Serena huinuliwa na kufungwa ubavuni, kimoja kushoto na kimoja kulia. Vya Stepwagon huzama sakafuni. Anayefanya biashara sokoni atapenda zaidi hivi vya Stepwagon, kwa sababu vile vya ubavuni hula upana na gunia likisukumwa hugonga.

Milango ya kuteleza ndiyo inayosifiwa kidogo kuliko inavyostahili. Sakafu ya vani iko chini kiasi kwamba mzee hupanda kwa hatua moja, akishika mpini ulio mlangoni. Mtoto hawezi kuusukuma mlango ukagonga gari la jirani au mwendesha boda anayepita. Anayemwingiza mtoto mchanga kwenye kiti chake husimama wima, hainami kama mtu anayetoa maji kisimani. Familia yenye mtu anayetumia kiti cha magurudumu haihitaji kusoma zaidi ya aya hii.

Kuna jambo moja ambalo familia haziliulizi kwenye yadi: hewa baridi ya nyuma. Februari na Machi pwani si miezi ya mzaha. Vani nyingi za saizi ya Noah zina matundu ya hewa darini au ubavuni kwa abiria wa nyuma, lakini katika baadhi ya SUV za viti saba abiria wa safu ya mwisho hutegemea hewa inayowafikia kutoka mbele. Njia ya kujua ni kukaa huko wenyewe, saa saba mchana, injini ikiunguruma, kwa dakika 20.

Mkanda mmoja, mtu mmoja

Familia ya watu saba yenye gari la viti vitano haiachi watu wawili nyumbani. Inawapakata. Hapo ndipo swali la viti linapoacha kuwa la starehe.

Mtoto aliyepakatwa hana ulinzi wowote. Gari likisimama ghafla kwa kugonga, mwili wa mtoto huendelea mbele kwa kasi ile ile gari lililokuwa nayo, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumshika. Akiwa amefungwa mkanda mmoja pamoja na mama, uzito wa mama ndio unaomkandamiza. Sheria ya Kenya inataka kila abiria afunge mkanda na gari lisibebe zaidi ya idadi lililosajiliwa kubeba. Polisi wa trafiki kwenye kizuizi cha barabara ya Mombasa kwenda Malindi wanaweza kulisamehe kosa hilo Jumapili moja. Mgongano hausamehi.

Mtoto mchanga afungwe kwenye kiti chake maalum kinachotazama nyuma, kwenye safu ya katikati. Magari mengi ya Japani ya umri unaoruhusiwa sasa yana vyuma vya kushikia viti hivyo, vinavyoitwa ISOFIX, vilivyojificha kwenye mkunjo wa kiti. Vitafutwe kwa mkono. Safu ya mwisho, iwe ya SUV au ya vani, iko karibu sana na mlango wa nyuma, kwa hiyo katika gari lolote kati ya haya watoto wadogo zaidi wakae katikati na wakubwa nyuma, na vitu vigumu kama mitungi ya gesi na jembe visiwekwe nyuma ya vichwa vyao bila kufungwa.

Barabara ya nyumbani

Sasa swali la baba. Njia za ndani za Ganze, Magarini na Kaloleni haziko kama lami ya Mtwapa. Kuna murram iliyochimbika, kuna udongo unaoshika tairi kama ugali mbichi mvua ikinyesha, na kuna mawe ya matumbawe yanayochomoza. Baba anajua anachosema.

Tumbo la Noah liko takriban milimita 160 kutoka ardhini. La X-Trail ni zaidi ya 200, na la Forester ni 220. Tofauti ya sentimita tano au sita inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotenganisha kupita juu ya jiwe na kuliburuza chini ya tangi la mafuta. Na vipimo hivyo ni vya gari tupu. Watu saba wenye wastani wa kilo 60 ni kilo 420 kabla ya gunia la kwanza, springi hulala, na vani iliyojaa huwa chini zaidi ya karatasi inavyosema. Kila anayemiliki Noah pwani anaijua sauti ya tuta lisilo na alama likikwaruza chini.

Hata hivyo kimo si nguvu ya kuvuta. SUV nyingi zinazoshushwa Kilindini huvutwa na magurudumu mawili ya mbele tu, sawa na gari dogo la kawaida. Kwenye matope zitakwama zikiwa zimesimama juu. Mnunuzi anayelipa zaidi kwa ajili ya barabara ya Ganze ahakikishe analipia magurudumu manne, na njia rahisi ni kusoma namba ya muundo kwenye kibao cha chuma cha gari. X-Trail ya petroli ya muundo huo ikiandikwa T32 ni ya magurudumu mawili. Ikiandikwa NT32 ni ya manne. Noah nayo ina mambo yake: ZRR80 huvutwa na mawili, ZRR85 na manne. Ndiyo, kuna Noah ya magurudumu manne, na wauzaji wengi hawaitaji kwa sababu wanunuzi hawaiulizi. Haiinuki sana kuliko mwenzake, lakini kwenye utelezi huondoka pale ambapo X-Trail ya mawili inazungusha tairi.

Prado iko kwenye darasa lake. Imejengwa juu ya chesisi ya chuma kama lori dogo, huvuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, ina viti saba katika matoleo mengi, na tumbo lake liko juu. Mkazi anayeishi ndani kabisa ya Ganze na kusafiri kila siku, muuguzi au mfanyabiashara wa mifugo kwa mfano, ataelewa kwa nini watu huiuza ghali hata ikiwa kuukuu. Bei, ushuru, mafuta na tairi zake ni vya darasa hilo hilo.

Kwa hiyo familia ihesabu safari, na ihesabu kwa mwezi mzima bila kubahatisha. Ile ya Mnarani ilipoandika kwenye daftari ilikuta safari 44 za kwenda na kurudi kazini na shuleni, zote kwenye lami na murram iliyosawazishwa, nne za sokoni, nne za kanisani watu wote saba wakiwamo, na moja ya Ganze. Katika hiyo moja, kilomita 6 za mwisho ndizo mbaya. Nazo ni mbaya kweli kwa wiki chache za Aprili, Mei na Novemba. Baba alikuwa anataka kununua gari la mwaka mzima kwa ajili ya kilomita 12 za mwezi.

Angekuwa anaishi Ganze na kufundisha mjini, hesabu ingegeuka: kilomita 12 mbovu kila siku ya kazi zingekula shokomzoba na chini ya vani yoyote kabla ya mkopo kuisha. Hapo afadhali SUV ya magurudumu manne, na safari ya kanisani iwe ya awamu mbili.

Jambo moja halibadiliki kwa gari lolote. Maji yanayopita juu ya barabara hayavukwi. SUV huongeza ujasiri wa dereva kuliko inavyoongeza uwezo wake, na vijito vya msimu hubeba gari refu kama kinavyobebwa kibanda. Mvua ikikata njia, safari ya Ganze isubiri siku mbili.

Ushuru hauangalii umbo

Magari haya mengi ni ya mitumba kutoka Japani. Kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, zinataka gari liwe la usukani wa kulia na lisizidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka wa 2026 hiyo ina maana ya magari ya kuanzia 2019. Muuzaji wa mtandaoni anayemtangazia mkazi wa Kenya gari la 2016 bado lililoko Japani anamuuzia shida.

Mamlaka ya Ushuru, KRA, haitozi kwa bei ambayo mnunuzi alilipa. Huchukua bei ya rejareja ya gari kama hilo likiwa jipya, ikaipunguza kwa umri wa gari, ikapata thamani ya forodha. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16, pamoja na ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na ya reli ya asilimia 2. Ushuru wa bidhaa ndio unaotofautisha gari na gari. Injini isiyozidi 1,500cc hutozwa asilimia 20. Inayozidi hapo ni 25. Petroli ya zaidi ya 3,000cc au dizeli ya zaidi ya 2,500cc ni 35.

Angalia maana yake. Gari lenye thamani ya forodha ya Sh1,000,000 na injini ya 1,500cc hulipiwa Sh924,200. Lenye thamani hiyo hiyo na injini ya 2,000cc hulipiwa Sh1,002,500. Tofauti ni Sh78,300, ambazo ni tairi mpya na bima kwa familia nyingi. Noah ya petroli na X-Trail, zote za 2,000cc, ziko kundi moja, kwa hiyo umbo halisaidii wala haliumizi. Sienta, Freed na Stepwagon ya turbo zina injini ya 1,500cc na huingia kundi la chini. Prado ya petroli ya 2,700cc ni kundi la kati, lakini ile ya dizeli ya 2,800cc inarushwa hadi asilimia 35, na wapo walionunua bila kujua. Viwango hivi vinaweza kubadilika bajeti ikisomwa, basi hesabu ya mwisho ifanywe na wakala wa forodha kabla ya pesa kutumwa, si meli ikishafika.

Gharama za kila mwezi nazo zina lugha yake. Noah nyingi huvaa tairi za inchi 15, X-Trail za inchi 17, Prado za inchi 17 zilizo pana zaidi, na bei dukani hupanda kwa mpangilio huo. Kuhusu mafuta, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita na jingine linalokwenda 8 hutofautiana kwa lita 375 ikiwa familia inaendesha kilomita 15,000 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ambayo EPRA hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi. Takwimu za kilomita zilizomo kwenye matangazo ya Japani zilipimwa kwenye maabara. Jirani mwenye gari kama hilo atasema ukweli zaidi.

Kuliagua gari kabla ya kulipa

Gari la mnada wa Japani huja na karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri kwa gari la umri huu. Herufi R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Muuzaji anayedai karatasi hiyo imepotea aulizwe mara ya pili, kisha aachwe. Kwa mkazi wa pwani kuna herufi nyingine muhimu zaidi: alama za kutu. Magari yaliyoishi kaskazini ya Japani, kama Hokkaido, hupita juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chini yake huanza kuliwa. Likiletwa Kilifi, upepo wa bahari humalizia kazi. Fundi alale chini na tochi, atazame chesisi, mabomba ya breki na sehemu springi zinapokaa. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini nzima si lazima iwe habari njema.

Vani ikaguliwe milango yake. Ile ya umeme ifunguliwe na kufungwa mara kumi mfululizo, kushoto na kulia, kwa kitufe na kwa mkono. Mchanga na chumvi huingia kwenye reli yake, nyaya na mota huchoka, na matengenezo si ya bei ya kibanda. Anayeinunua azoee kufagia reli hiyo kila wiki. SUV ikaguliwe upande wa chini wa mbele, ambako madereva wenye imani kubwa huacha alama. Katika aina zote mbili, giaboksi nyingi za X-Trail, Noah na Serena ni za CVT, zinazotaka mafuta yake maalum. Fundi anayesema mafuta yoyote ya gia yatafaa asiruhusiwe kulifungua boneti. (Redio nayo: ya Japani kwa kawaida huishia 95 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hazitasikika mpaka iongezewe kifaa. Si sababu ya kukataa gari, ni sababu ya kuomba punguzo.)

Fundi awe wa familia, si wa yadi. Na familia yote iende. Ile ya Mnarani ilimpeleka bibi, ikampandisha kila gari na kumshusha, na mabishano ya miezi miwili yakaisha kwenye gari la tatu.

Asije akawa matatu

Kuna hesabu moja ambayo wanunuzi wa vani huifanya kimyakimya: "Asubuhi itapeleka watoto shule, mchana itabeba abiria wa Mtwapa, itajilipa." Gari la kibinafsi kubeba abiria kwa nauli bila leseni ya uchukuzi wa umma ni kosa la jinai. Hatari kubwa zaidi iko kwenye bima. Bima ya gari la kibinafsi haimgharamii abiria aliyelipa nauli. Ajali ikitokea kampuni ya bima inaweza kukataa dai, na mwenye gari akabaki na kesi za waliojeruhiwa, gari lililoharibika, na mkopo wa sacco ambao wadhamini wake ni walimu wenzake. Vivyo hivyo kwa kubeba watoto wa majirani kwenda shule kwa malipo ya mwezi. Anayetaka biashara hiyo aanze na ofisi ya NTSA, alipate gari na leseni inayofaa, achukue bima ya PSV. Hesabu ya vani ya familia ifanywe kana kwamba haitaingiza hata shilingi moja.

Kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, mnunuzi afanye utafutaji wa rekodi kupitia akaunti yake ya NTSA kwenye eCitizen kabla ya kulipa hata arubuni. Majibu huonyesha jina la mwenyewe, na kama benki au mkopeshaji anashikilia gari hilo. Namba ya chesisi kwenye majibu ilinganishwe na ile iliyopigwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Malipo yaende kwa yule ambaye jina lake liko kwenye kitabu cha usajili, kwa benki, si kwa simu ya "ndugu yake". Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji na kukubaliwa na mnunuzi mtandaoni, na sheria inampa mmiliki mpya siku 14 tu za kulitumia gari kabla jina lake kusajiliwa.